Nani Alikula Bando la Mama?

Kila jioni ya mwezi wa Julai, ikifika saa kumi na moja na nusu, kazi za nyumbani kwa kina Wawira ziligawanyika bila mtu kuulizwa. Wawira alichukua ndoo akaenda zizini kukama. Naliaka alibaki jikoni na kazi mbili: kuwasha jiko la makaa na kuwasha laptop.

Ya jiko yanaeleweka. Molo ni mahali pa baridi, na Julai ya Molo haina huruma. Ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini laptop kuwekwa kwenye kigoda kando ya jiko ili ipate joto, hilo lilikuwa jambo la nyumba hiyo peke yake, na lilianzishwa na baba yake Wawira, Bwana Kiarie.

Kiarie alikuwa dereva wa lori la viazi. Asubuhi hakuwahi kuondoka kabla injini haijanguruma dakika ishirini kamili. "Chombo baridi hakifanyi kazi," alikuwa akisema, "kinakohoa tu." Basi baridi ilipoanza na laptop ikawa inachelewa kufunguka, alitoa amri: iwashwe mapema, iunganishwe na simu kabisa, ikae kando ya jiko ipate moto, ili Mama akiketi saa moja aikute tayari. Nani angembishia? Nyumbani kwao, mwenye lori ndiye mjuzi wa mashine zote, mpaka cherehani.

Laptop yenyewe ilikuwa ya mtumba. Fundi aliyewauzia aliiwekea mfumo wa Linux, akasema mifumo mingine ingeilemea ikafa siku si zake. Intaneti ilitoka kwenye simu ya Mama. Simu iliwekwa dirishani, mahali pekee mtandao uliposhika, ikawashwa hotspoti, na laptop ikachota kutoka hapo.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya masomo ya Mama. Mama, ambaye majirani walimwita Mwalimu Tabby, alifundisha chekechea, na mwaka huo alikuwa akisomea diploma kupitia mtandao. Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni, alivaa sweta safi, akajifunga leso kichwani na kuketi mbele ya laptop kana kwamba ameingia darasani. Jioni nyingine aliketi hapo hapo kuandika kazi alizopewa. Kila Jumatatu alinunua bando la intaneti la wiki nzima. Bando hilo lilipaswa kumfikisha Jumapili.

Naliaka alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Mama. Alikuja Molo miaka miwili iliyopita kutoka kwa nyanya yake upande wa Kitale. Kule alikuwa akienda shule siku tatu na kukosa mbili, kwa sababu nyanya alikuwa mzee na shamba halikujua kalenda ya shule. Hapa Molo hakukosa hata siku moja. Yeye na Wawira walikuwa na miaka kumi na mitatu wote wawili, dawati moja, kitanda kimoja, blanketi moja zito.

"Wewe miguu yako ni ya chura," Naliaka alimwambia kila walipolala. "Ilete hapa niipashe, kabla hujaniua na baridi."

Na Wawira aliileta, huku akicheka.

Sasa, kuna jambo moja ambalo Wawira hakumwambia mtu. Jumanne moja alimaliza kukama mapema. Naliaka alikuwa nyuma ya nyumba akichuma sukuma wiki. Laptop ilikuwa pale kwenye kigoda, imewaka, imeunganishwa, haina mtu. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: bando ni la masomo ya Mama, basi. Wawira alitazama mlangoni, akaketi, akafungua video ya wasichana wakicheza dansi ya mashindano ya shule. Dakika kumi na moja. Aliposikia nyayo za Naliaka aliifunga, akafuta historia ya kurasa zote zilizofunguliwa, jinsi Kimberly wa darasani kwao alivyomfundisha. "Ukimaliza, futa," Kimberly alisema. "Hakuna ushahidi, hakuna kesi."

Siku mbili baadaye, siku ya Alhamisi, Mama alikuwa na mtihani.

Aliketi mapema. Aliomba dua fupi. Alijibu maswali kumi, na alipofika la kumi na moja ukurasa ukasimama. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Simu ikalia kidogo pale dirishani na ujumbe ukaingia: bando limeisha.

"Limeisha?" Mama alisimama. "Si nilinunua Jumatatu?"

Hiyo ilikuwa wiki ya tatu bando kuisha kabla ya siku zake. Mara mbili za kwanza alinunua jingine kimyakimya. Mara hii Wawira alitumwa mbio kwenye kioski, akateleza kwenye tope, akarudi na kadi ya salio akihema. Lakini mlango wa mtihani ulikuwa umefungwa. Kesho yake mkufunzi aliandika maneno machache tu: Mwalimu Tabby angesubiri hadi Januari, arudie somo hilo na wanafunzi wapya; masomo mengine yangeendelea.

Mama hakulia kwa sauti. Alikunja leso yake mara nne, akaiweka juu ya laptop iliyofungwa, akaenda kumenya viazi. Wawira aliona machozi yakidondokea kwenye maganda. Kichwani mwake palikuwa na hesabu moja tu: ni mimi, ni zile dakika kumi na moja.

Kiarie aliporudi Ijumaa alisikiliza yote akiwa amesimama. Kisha aliketi, akaifungua laptop, akatafuta mahali panapoonyesha kurasa zilizotembelewa. Palikuwa patupu. Yalionekana masomo ya Mama ya Jumanne jioni na Alhamisi tu. Kabla ya hapo, hakuna kitu.

"Historia haijifuti," alisema. "Mtu alikuwa anaona mambo yake, kisha akafagia nyayo. Ni nani hukaa na mashine hii saa nzima kabla ya mwenyewe kuketi?"

Kila mtu alijua ni nani.

"Ni mimi, anko," Naliaka alisema. "Lakini mimi huiwasha tu, nikaiweka hapo kando ya jiko kama ulivyosema. Haki ya Mungu sijaona kitu."

"Na historia ni nani aliyefuta?"

"Hata sijui inafutwa aje."

Kiarie alimgeukia bintiye. "Na wewe?"

"Mimi hukama, Baba," Wawira alisema.

Haikuwa uongo. Ndio ubaya wake. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu.

Kiarie hakuwa mtu mkali, lakini alikuwa mtu wa kukata shauri haraka, kama madereva wengi. Alisema hakuchukua mtoto ili aje kumvunjia mkewe masomo. Alisema angevumilia wizi wa bando, lakini si kuangaliwa machoni na kudanganywa. Jumatatu alikuwa na mzigo wa kupeleka Kitale. Naliaka angerudi kwa nyanya.

"Baba Wawira, huyu ni mtoto wa dada yangu," Mama alisema kwa sauti ndogo. Lakini alikuwa amechoka, na moyo wake ulikuwa na kidonda kibichi. Akamwachia mumewe neno la mwisho.

Alfajiri ya Jumatatu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba lori halikuonekana, lilisikika tu. Naliaka alikunja sare yake ya shule vizuri, akaiweka kitandani. "Hii ni ya shule ya huku," alisema. "Kule hawavai kijani." Kisha akamtazama Wawira. "Wewe unajua si mimi."

"Najua," Wawira alisema.

Naliaka alingoja. Alingoja kama mtu anayejua kwamba sentensi haijaisha. Wawira alitazama vidole vyake vya miguu.

Naliaka akatoka, akapanda lori. Injini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kupashwa moto. Dakika ishirini! Katika dakika ishirini mtu anaweza kusema "ni mimi" mara mia, akapata na nafasi ya kulia. Wawira hakusema hata mara moja. Lori lilipoondoka, taa zake za nyuma zilimezwa na ukungu kabla halijafika barabarani.

Usiniulize juma lile lilikuwaje. Dawati lilikuwa pana. Kitanda kilikuwa kipana zaidi. Miguu ya Wawira haikupata joto hata alipovaa soksi jozi mbili. Mwalimu alipoita majina asubuhi na kufika kwa Naliaka, darasa zima lilimgeukia Wawira, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Kazi ya kuwasha laptop sasa ilikuwa yake. Alikama haraka, akakimbia ndani, akaiwasha, akaiunganisha, akaiweka kwenye kigoda, akaketi mbali nayo, mikono kwapani. Hakuigusa. Angeapa hakuigusa.

Siku ya Jumatano, simu ikalia dirishani. Bando limeisha.

"Leo ni Jumatano!" Mama alisema. Alimtazama Wawira, naye Wawira akahisi jasho katika baridi ile yote.

"Sijagusa, Mama. Kweli sijagusa."

Akashtuka. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya Naliaka, neno kwa neno.

Jioni hiyo Kiarie alilaumu kampuni ya simu. "Wanatuibia hao," alisema, "watu wa mtandao ni wezi wa mchana." Lakini alisema kwa sauti isiyo na uhakika, na hakumaliza chai yake. Mtu aliyemfukuza mwizi, kisha wizi ukaendelea, hana raha.

Wawira naye alikuwa akifikiri kwa mara ya kwanza tangu msiba huo uanze. Ikiwa Naliaka hayupo na bando bado linaliwa, basi Naliaka hakula. Na zile dakika kumi na moja? Zilikuwa mara moja tu. Bando lilikuwa likiisha wiki mbili kabla yake. Kulikuwa na mlaji mwingine.

Mama aliponunua bando jipya Alhamisi, Wawira alichukua daftari la zamani. Kwenye simu kuna ukurasa unaoonyesha data iliyotumiwa, na ndani yake mstari mmoja wa hotspoti peke yake. Aliandika namba kabla ya kuwasha laptop. Aliandika tena saa moja kamili, kabla Mama hajaketi. Aliandika mara ya tatu Mama alipomaliza.

Aliitazama karatasi yake mara mbili. Katika somo zima, Mama alitumia megabaiti mia moja na hamsini. Kabla ya somo, wakati laptop ilikuwa ikiota moto na hakuna aliyeigusa, zilikuwa zimekwenda mia sita na kumi na mbili.

Kesho yake baada ya shule alienda mjini, kwenye saiba ya Fancy. Fancy alikuwa dada wa miaka kama ishirini na mitano hivi, mwenye duka dogo la kompyuta sita na mashine moja ya kutoa nakala. Watu walisema hakuna kompyuta iliyowahi kumshinda, ila ile iliyonyeshewa ndani ya gunia.

"Sasa, mrembo," Fancy alisema. "Unachapisha?"

"Poa. Hapana." Wawira alimpa daftari. "Nataka kujua ni nani anakula."

Fancy alisoma zile namba. Aliacha kutafuna ubani. "Wewe ndiye uliyeandika haya? Kuna watu wazima wanakuja hapa wakilia na hawana hata namba moja. Laptop ni ya aina gani?"

"Ya zamani. Iko na Linux."

"Na hii shida ilianza lini?"

"Mwezi huu wa saba ulipoanza."

"Ni nini kilibadilika mwezi wa saba? Fikiria. Kitu hakianzi bila kitu."

Wawira alifikiri. Laptop ilikuwa ile ile. Simu ile ile. Masomo yale yale. "Hakuna," alisema. "Baridi tu. Ndiyo tukaanza kuipasha moto."

"Kuipasha nini?"

Alipoelezwa, Fancy alicheka mpaka mteja wa kompyuta ya pili akageuka. Kisha aliona macho ya Wawira, akaacha kucheka. "Kuna mtu amepata shida kwa sababu ya hii?"

Wawira aliitikia kwa kichwa tu.

"Jumapili baada ya kanisa nitakuja," Fancy alisema. "Mwambie mzee awepo."

Jumapili mvua ilikuwa ikinyesha ile ya Molo, nyembamba na isiyo na haraka. Fancy aliketi jikoni, akaipakata laptop, akaiunganisha na simu. Akaandika maneno mafupi na ukurasa mweusi ukafunguka, wenye mistari michache ya maandishi meupe. Kisha akaiweka laptop kwenye kigoda mbele ya watu wote.

"Sasa, kila mtu mikono magotini," alisema. "Hata wewe, mzee. Mtu asiguse. Huu ukurasa unaonyesha kila programu inayochukua data, jina lake na kiasi inachochukua."

Walikaa hivyo, watu wanne, mikono magotini kama watoto wa chekechea ya Mama. Dakika ya tatu mstari mmoja ukaruka juu na namba yake ikaanza kukua. Ishirini. Arubaini. Tisini. Hakuna aliyepumua vizuri. Mia moja na sabini.

"Nani anafanya hivyo?" Kiarie aliuliza.

"Ni nani ameigusa, mzee?"

"Hakuna."

"Basi inajilisha yenyewe. Hayo yanaitwa masasisho. Kompyuta hujitengeneza, huleta programu mpya kuchukua nafasi ya zile kuukuu. Ni jambo zuri, linaikinga. Lakini hii yenu haijui kwamba inakunywa kwenye simu ya Mwalimu. Inaona intaneti, inadhani ni ya bure kama ya ofisini. Ikikaa kazini saa moja tu na mtu akaizima, haipati nafasi. Nyinyi mmeipa saa nzima ya ziada, imewaka, haina kazi, imeunganishwa. Ikaona, alaa, leo nimepata wasaa! Na mzigo ukiwa mkubwa, bando linakatika kabla haujafika. Kesho inaanza upya. Hivyo hivyo kila jioni."

Kiarie alilitazama jiko. Kisha akakitazama kigoda. "Kwa hivyo ni mimi," alisema polepole. "Ni mimi nilisema ipashwe moto."

"Baridi haiidhuru, mzee. Ni ya zamani tu, inafunguka polepole. Ivumilieni." Fancy alimwita Wawira karibu akamwonyesha: kwenye mipangilio ya muunganisho kulikuwa na mahali pa kuiambia kompyuta kwamba intaneti hii ina kikomo. Wawira akapawekea alama mwenyewe. Kisha wakazima masasisho ya kujianzisha, na Fancy akawataka wailete saibani mara moja kwa mwezi ijisasishe huko. Walirudi kwenye ule ukurasa mweusi. Mstari ulikuwa umetulia. Namba haikusonga.

Mama alishusha pumzi. "Mtoto wa watu," alisema, na sauti ikamkatika. "Mtoto wa dada yangu tumemfukuza bure."

"Lakini historia," Kiarie alisema. Alisema kama mtu anayetafuta pa kushikilia asianguke. "Historia ilifutwa. Hayo masasisho hufuta historia?"

"La," Fancy alisema. "Hilo ni la mkono wa mtu."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Naliaka hakuwepo kujitetea, na hapo ndipo palipokuwa na mtego: Wawira angenyamaza tu, na kosa lingebaki pale pale lilipowekwa. Kesi ilikuwa na mtu wake tayari. Alihisi jinsi ingekuwa rahisi, na wepesi huo ukamtisha.

"Ni mimi," alisema. "Niliangalia video ya dansi. Mara moja tu, dakika kumi na moja. Nikafuta. Uliponiuliza, Baba, nikasema hukama." Alilia sasa, kilio kibaya cha mtoto aliyekizuia wiki mbili. "Nilidhani ni mimi niliyemaliza bando la mtihani. Niliogopa. Nikamwacha aende."

Kiarie hakumpiga. Wawira angependa apigwe. Baba alivua kofia yake, akaishika mikononi akiigeuza na kuigeuza, kama mtu aliye matangani.

"Kesho nina mzigo wa Kitale," alisema. "Utakuja nami. Utasema hayo kwa mdomo wako."

Walimkuta Naliaka shambani, akipalilia mahindi, jembe likiwa refu kuliko yeye. Ilikuwa saa sita mchana, siku ya shule. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni, amefunika magoti kwa shuka. Wawira alipita kwenye mistari ya mahindi mpaka mbele ya binamu yake, akasema yote, tangu video mpaka ukurasa mweusi, bila kuruka hata moja.

Naliaka aliendelea kupalilia. Alifika mwisho wa mstari, akageuka.

"Nilijua ulikuwa na kitu cha kusema," alisema. "Nilikaa ndani ya lori, nikaona anko anapasha injini. Nikasema, bado kuna wakati, atakuja. Nilikuwa natazama saa ya lori. Dakika ishirini, Wawira."

Wawira aliinama, akaanza kung'oa magugu kwa mikono kwenye mstari uliofuata.

Kiarie naye aliomba msamaha, mbele ya nyanya, kofia mkononi. Alisema alitafuta mtu wa kulaumu kabla ya kutafuta shida ilipo, na lori lake hajawahi kulitendea hivyo. Nyanya alimsikiliza, akasema tu, "Mpeni kwanza chakula. Amefanya kazi tangu asubuhi." Naliaka alirudi nao Molo jioni ile. Alikaa upande wa dirisha, uso ameugeuzia nje mpaka nyumbani.

Alhamisi ilipofika, laptop ilibaki ndani ya mfuko wake mpaka saa moja kasoro dakika kumi. Mama alivaa sweta safi, akajifunga leso. Mtihani wa Januari ulikuwa bado Januari. Hapakuwa na wa kuurudisha nyuma. Aliiweka laptop mezani na kuuliza, kama zamani, "Nani ananiwashia?"

Naliaka hakusogea. Aliweka mikono yake miwili juu ya magoti, vidole vimenyooka. "Mikono yangu iko hapa," alisema. "Muione wote."

Kiarie aliinamisha kichwa. Wawira alihisi kama amechomwa na kaa la moto.

Mama alimgeukia bintiye. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Umeona, Wawira?" alisema. "Bando lililiwa na mashine, na mashine tumeifunga. Bando likiisha, Jumatatu tunanunua jingine. Imani ya mtu haiuzwi kwenye kioski. Kosa lako lilikuwa la dakika kumi na moja, ungelisema siku ile ungekosa chai ya jioni moja, basi. Uliponyamaza, mwenzako ndiye aliyelipa, na ona, bado analipa mpaka leo. Ukweli usemwe mapema, mwanangu, kabla haujamwangukia asiyehusika. Na sisi wakubwa," alimtazama mumewe, "tupime kabla ya kuhukumu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu na daftari lake alituzidi akili."

"Nimesikia, Mama," Wawira alisema. Kisha akamgeukia Naliaka. "Pole. Nitasema tena kesho. Nitasema mpaka uchoke."

Naliaka aliendelea kuitazama mikono yake. Lakini Mama alipounyanyua mkono mmoja wa Naliaka kutoka gotini na kuuweka juu ya kitufe, Naliaka hakuurudisha.

"Iwashe, mwanangu," Mama alisema.

Naliaka akabonyeza. Laptop ilikuwa baridi, ikachelewa sana kufunguka, na wote wanne wakangoja, wala hakuna aliyelalamika.